Ajali haikuwa kosa lake, lakini kazi imepotea: namna shofere wa kamyo anaweza kulinda jina lake

Tuchukue mfano ambao kila shofere wa barabara ya Kasindi, Beni na Butembo anaweza kuuelewa. Kamyo imepasuka pine, imesimama pembeni. Konvwayeri amekata matawi ya miti, ameyaweka mbele na nyuma ginsi desturi iko. Ni saa moja ya jioni. Motari mmoja anakuja mbio, amepakia watu wawili, pikipiki haina taa. Anaingia moja kwa moja chini ya remorki. Mtu mmoja anakufa palepale.

Shofere wa kamyo hakuwa hata kwenye usukani. Alikuwa anafungua pine. Lakini polisi wanapofika, yeye ndiye anapakiwa. Kamyo inapelekwa komisariya, kisha parke. Mzigo unalala, mwenye mzigo anapiga simu usiku na mchana, na mwenye gari anaanza kuhesabu hasara. Shofere anapotoka, siku nane ao wiki mbili baadaye, anakuta funguo ziko mikononi mwa mwingine. Hakuna barua. Anaambiwa tu: «Pumzika kwanza, tutakuita.»

Haitwi. Na akienda kuomba kazi kwa mwenye gari mwingine, swali la kwanza ni lile: «Wewe si ndiye uliua watu kule?»

Mfano huu unagusa kazi ya watu wengi mashariki mwa Congo, maana kila kitu huku kinapita juu ya kamyo: mafuta, unga, simenti, samaki, mbao, mabati. Na shofere hana mali nyingine ya kuuza zaidi ya jina lake. Jina likichafuka, permi iliyo mfukoni inabaki karatasi tu.

Watu wanne, maswali manne

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni kwamba baada ya ajali, swali «nani mwenye kosa?» halijibiwi na mtu mmoja. Linajibiwa na watu wanne, na kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe. Hapo ndipo vurugu inaanza, sababu watu wanachukua jibu la mmoja na kulifanya jibu la wote.

Polisi wa barabarani, wale wa PCR, wanaandika ginsi mambo yalivyokuwa: gari ilikuwa wapi, alama za pine ziko wapi, nani alikuwa na taa, nani alikuwa na makaratasi. Karatasi hiyo ndiyo PV. Polisi hahukumu. Hata akisema kwa sauti kubwa mbele ya watu kwamba «shofere ndiye mwenye kosa», hayo ni maneno ya barabarani.

Parke na tribinali wanauliza swali la pili: je, kuna kosa la jinai? Kitabu cha sheria ya jinai ya Congo, kifungu cha 52 na cha 53, kinasema juu ya mtu aliyesababisha kifo bila kukusudia, kwa kukosa kuona mbele ao kukosa tahadhari. Adhabu yake ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini. Angalia maneno yenyewe vizuri: sheria inatafuta ukosefu wa tahadhari. Kifo peke yake hakitoshi. Kama shofere alisimamisha gari vizuri na kuweka alama, na mwingine akaja bila taa, dosie inaweza kufungwa parke, ao tribinali inaweza kumwachilia. Kule kulala kizuizini wakati wa uchunguzi si hukumu, hata kama majirani wanakuhesabia siku ulizolala humo.

Wa tatu ni asiransi, yaani bima. Tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, kila gari yenye mota inayotembea barabarani inapaswa kuwa na asiransi ya kulipa watu inaowadhuru. Kwa miaka mingi ilikuwa SONAS peke yake; sheria ya Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni zingine. Asiransi inauliza: tulipe ao tusilipe? Swali lake ni la pesa. Kitabu cha sheria ya raia, kifungu cha 260, kinasema mtu anajibu kwa yale yanayofanywa na watu wanaomtumikia, tena na kwa vitu anavyovilinda. Ndiyo maana mwenye gari ao asiransi yake inaweza kulipa familia ya marehemu hata pale ambapo shofere mwenyewe hakukosa kitu. Lakini huko parkingi habari inapita hivi: «Asiransi ililipa, basi alikosa.» Hapana. Si lazima iwe hivyo.

Hapa kuna jambo lingine la desturi yetu. Mara nyingi mwenye gari anatoa pesa ya sanduku, ya matanga, hata gunia la mchele, ili roho za watu zitulie na kamyo ipite tena katika kijiji kile. Ni jambo la utu na hakuna anayelikataza. Tatizo ni kwamba baada ya miezi sita pesa ile inageuka kuwa «ushahidi» kwamba shofere aliua. Anayetoa msaada wa namna hiyo afanye karatasi fupi mbele ya mkubwa wa kijiji: huu ni msaada wa matanga, si kukubali kosa. Mistari miwili inatosha, na sahihi za watu wawili watatu.

Wa nne ni patroni mwenyewe. Yeye ndiye anaamua kama shofere anarudi kwenye usukani. Wengi wanafikiri kwamba hapo hakuna sheria, gari ni yake na anampa anayemtaka. Gari ni yake, ndiyo. Lakini kumfukuza mtu kazini ni jambo lingine.

Sheria ya kazi inasema nini

Kitabu cha kazi cha Congo ni sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa Julai 2016. Kifungu cha 62 kinasema kwamba mkataba usio na mwisho uliopangwa hauwezi kuvunjwa na patroni bila sababu ya kweli: sababu inayohusu uwezo wa mfanyakazi ao mwenendo wake kazini, ao mahitaji ya kampuni yenyewe. «Watu wanasema vibaya juu yako» haimo.

Njia ambayo mapatroni wengi wanaikimbilia ni ile ya kosa zito, ambalo makaratasi ya Kifaransa yanaita «faute lourde». Faida yake kwao iko wazi: kwa kosa zito mtu anaondoka palepale, bila preavi. Kifungu cha 74 kinataja mifano, na mmoja wao unalenga kabisa mashofere: mfanyakazi ambaye kwa uzembe wake anahatarisha usalama wa kampuni, wa kazi ao wa wenzake. Ukisoma haraka unaona ajali. Ukisoma pole pole unaona uzembe. Shofere aliyegongwa kutoka nyuma akiwa amesimama kwenye barriere, uzembe wake uko wapi?

Hata pale ambapo patroni anaamini kosa zito liko, kifungu cha 72 kinamtaka aandike barua ya kumjulisha mfanyakazi katika siku 15 za kazi tangu alipojua mambo yaliyotokea. Akitaka kuchunguza kwanza, anaweza kumsimamisha mtu kwa maandishi kwa muda mfupi. Hivyo ile «pumzika kwanza, tutakuita», inayosemwa kwa mdomo na inayodumu miezi mitatu, si kusimamishwa kwa sheria na si kufukuzwa kwa sheria. Ni kumwacha mtu hewani. Na shofere anayekubali kubaki hewani bila kuandika barua yoyote anamrahisishia kazi patroni, maana baadaye ataambiwa aliacha kazi mwenyewe.

Na zile siku za kizuizini? Wengi hawajui jambo hili: katika sheria ya kazi, kufungwa kwa mfanyakazi kunasimamisha mkataba. Kusimamisha ni tofauti na kuvunja. Kwa muda huo patroni anaweza kuweka shofere mwingine ili gari itembee, na ni haki yake, biashara haiwezi kulala. Lakini hawezi kusema kwamba kuingia tu komisariya kulimaliza kazi.

Kama patroni hana sababu ya kosa zito lakini ana sababu nyingine ya kweli ya kumwachisha shofere, anapaswa kutoa preavi. Kifungu cha 64 kinaweka angalau siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka mzima aliofanya. Shofere wa miaka 6 ana siku 14 na tena siku 42, jumla siku 56 za kazi. Kwa mtu aliyezoea kuondoka na nauli ya kurudi nyumbani tu, hesabu hiyo si ndogo. Na kama hakukuwa na sababu yoyote ya kweli, kifungu cha 63 kinampa haki ya kurudishwa kazini. Kama hilo halifanyiki, tribinali inapanga malipo ambayo hayawezi kupita mshahara wa miezi 36.

Tena kuna swali la kulipa gari. Kuna mapatroni wanaokata mshahara mwezi baada ya mwezi mpaka kabini mpya ilipwe. Kitabu cha kazi kinasema mfanyakazi anarudisha vizuri vile alivyopewa, lakini hajibu kwa kuchakaa kwa kawaida wala kwa kitu kilichopotea kwa bahati mbaya isiyotoka kwake. Kamyo iliyogongwa na mwingine si deni la shofere.

«Sina kontra»

Hapo mashofere wengi watacheka. Kontra gani? Walikubaliana kwa mdomo, chini ya mti wa parkingi, mbele ya garajiste. Mshahara unakuja kwa simu, misheni kwa misheni.

Sheria iliona jambo hilo mbele. Kifungu cha 44 kinataka mkataba uandikwe, lakini kinasema pia kwamba pasipo maandishi mfanyakazi anaweza kuonyesha kwa njia yoyote kwamba mkataba upo. Njia yoyote maana yake ni ujumbe wa pesa uliotumwa kwa simu kila mwisho wa mwezi. Ni karatasi ya mzigo iliyopigwa muhuri Kasindi ao Mahagi yenye jina la shofere na namba ya plaki. Ni karatasi ya péage, sauti ya WhatsApp ambayo patroni anauliza «umefika wapi?», picha ya ajira mpya mbele ya gari, na konvwayeri aliyesafiri naye miaka miwili. Shofere anayefuta ujumbe wa zamani ili simu ipate nafasi ya nyimbo anafuta kontra yake bila kujua.

Karatasi inayokatazwa kusema ajali

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe: jina la shofere linasafiri namna gani kutoka kwa patroni mmoja hadi mwingine?

Kwa karatasi, jibu ni fupi na linashangaza. Kifungu cha 79 cha kitabu cha kazi kinasema kwamba mkataba ukimalizika, kwa sababu yoyote ile, patroni anapaswa kumpa mfanyakazi sertifika inayoonyesha alifanya kazi gani, alianza lini, alimaliza lini, na namba yake ya usalama wa jamii, ile ya INSS ambayo leo ni CNSS. Halafu sheria inaongeza kwamba hakuna neno lingine linaloruhusiwa kuwekwa humo. Na karatasi hiyo itolewe katika siku 2 za kazi baada ya mkataba kumalizika.

Yaani patroni haruhusiwi kuandika «aliangusha kamyo», wala «aliachishwa baada ya ajali ya tarehe fulani». Hata kama ajali ilikuwa kosa la shofere kweli kweli. Karatasi inasema kazi na muda, basi. Shofere aliyepewa sertifika yenye neno la ajali anaweza kuirudisha na kuomba nyingine, na akikataliwa aende kwa inspekta wa kazi nayo mkononi. Yule ambaye hakupewa kitu chochote ana haki ya kuiomba, maana kuondoka bila sertifika kunaacha tundu katika maisha yake ya kazi, na patroni mpya anaona tundu hilo na kulijaza na uvumi.

Mdomo ni hadithi nyingine. Mwenye gari wa Butembo ao wa Bunia hafungui kompyuta ili aone ajali za shofere. Anapiga simu. «Huyu kijana alikuwa kwako, iko namna gani?» Na jibu linategemea roho ya anayejibu, kama waliachana vizuri, kama kuna mshahara uliobaki haujalipwa. Simu ya watu wawili ni vigumu kuifuata kisheria. Sheria ya jinai, kifungu cha 74, inamfuata anayemzushia mtu jambo la wazi kwa ubaya na mbele ya watu. Hapo ndipo picha ya shofere inayotupwa katika kikundi cha WhatsApp cha wenye magari, na neno «muuaji» chini yake, inaweza kumletea mwandishi wake shida ambayo hakuitazamia.

Dawa ya simu ni karatasi inayotangulia simu. Shofere anayekwenda kuomba kazi akiwa na sertifika yake pamoja na karatasi ya parke ao hukumu inayoonyesha namna dosie ilivyoisha, na akasema mwenyewe kabla ya kuulizwa, «nilipata ajali, hii hapa ndiyo mwisho wake», anabadilisha mazungumzo. Kuficha ni hatari: barabara zetu ni ndefu lakini mashofere wote wanajuana. Shida ni kwamba wengi wakishatoka kizuizini hawarudi tena parke. Wanaogopa. Wanaona heri wasikumbushwe. Dosie inabaki wazi kwenye kabati, na mtu hana kitu cha kuonyesha. Kuomba karatasi hiyo kupitia avoka ao kupitia asiransi ya gari ni kazi ya siku kadhaa, tena inaweza kuokoa miaka.

Nusu saa ya kwanza

Karatasi zote hizo zinazaliwa mahali pamoja: pale barabarani, katika nusu saa ya kwanza. Na hapo tusidanganyane, nusu saa hiyo ni ya hatari. Kuna vijiji ambako watu wanachoma gari na kumpiga shofere kabla ya kuuliza. Shofere anayekimbia kwa kuokoa roho yake haukimbii wajibu ikiwa anakwenda moja kwa moja kwenye kituo cha polisi ao cha jeshi cha karibu, anajitaja jina, anasema gari iko wapi, na anaomba saa iandikwe. Yule anayekimbia na kuzima simu siku tatu, huyo amejiandikia kosa lingine mwenyewe.

Kama hali inaruhusu, waliojeruhiwa wanatangulia. Kisha simu inafanya kazi ya mwandishi. Picha moja ya mbali inayoonyesha barabara yote, kona, mteremko, na mahali kamyo iliposimama. Picha za alama za pine kabla mvua haijanyesha ao magari mengine kuzifuta. Matawi ao triangle iliyowekwa nyuma. Taa za pikipiki ile ao ukosefu wake. Plaki. Konvwayeri ndiye anafaa kupiga picha hizi, maana shofere ndiye anaangaliwa na kila mtu. Majina mawili ya walioona, na namba zao. Muuza makala aliyekuwa pembeni ya njia anaweza kuwa shahidi bora kushinda abiria aliyekuwa amelala.

Wakati wa kuhojiwa, shofere asitie sahihi kitu ambacho hakukisoma ao hakusomewa. PV zinaandikwa kwa Kifaransa. Mtu anayesema Kiswahili, Kinande ao Mashi aombe aelezwe mstari kwa mstari katika lugha anayoisikia. Kati ya «gari ilikuwa imesimama» na «gari ilikuwa inasimama» kuna miezi ya kifungo.

Mambo mawili ya mashine yanastahili kutajwa. Congo inatembea upande wa kuume, lakini kamyo nyingi zinazotoka Mombasa, Dar es Salaam na Lusaka usukani wake uko kuume pia, maana kule wanatembea upande wa kushoto. Shofere wa gari hiyo akitaka kupita mwingine haoni vizuri kinachokuja mbele, na ajali ikitokea wa kwanza kulaumiwa ni yeye, hata kama yule mwingine ndiye aliyetoka kwenye mstari wake. Katika PV hiyo, picha ya mahali kila gari ilikuwa ni dhahabu.

La pili ni freni. Katika mteremko wa Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, ao kwenye milima ya Lubero, freni ikikatika hakuna ufundi unaosaidia sana. Baadaye patroni anasema: shofere alijua gari ni mbaya, kwa nini aliipeleka? Na shofere anasema: nilimwambia. Alimwambia kwa mdomo. Lau angeandika ujumbe mmoja, «patroni, freni ya nyuma inapoteza hewa, naomba garaji kabla ya kupanda», na patroni akajibu «fika kwanza, tutaona», kosa lingehama kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Daftari ndogo ya gari yenye tarehe na matatizo inafanya kazi ileile.

Kwa wale wa kampuni kubwa

Kule Haut-Katanga na Lualaba, kwa kampuni zinazobeba shaba na kobalti kupitia Kasumbalesa, mambo yako tofauti kidogo. Huko kuna idara za usalama, GPS, kipimo cha pombe, na dosie ya shofere ndani ya ofisi. Ripoti ya ndani ya ajali inaweza kumfuata mtu ndani ya kampuni ileile kwa muda mrefu. Shofere aombe kuisoma kabla ya kutia sahihi, na kama hakubali jambo moja, aandike neno lake chini kwa mkono wake. GPS inaogopwa bure na mashofere wazuri: inaweza kuonyesha kwamba gari ilikuwa na kilomita 30 kwa saa, ao kwamba ilikuwa imesimama.

Wenye ndugu Marekani wanajua kwamba Wacongo wengi huko wanaendesha kamyo, na wanaweza kufikiri kwamba kule mambo ni safi. Yana upande wake. Huko patroni mpya analazimishwa na sheria kuuliza mapatroni wa zamani juu ya ajali za miaka 3 iliyopita, na kuna rejista ya serikali kuu inayoonyesha ajali za miaka 5. Ajali inaandikwa humo iwe kosa la shofere ao si kosa lake. Tofauti ni kwamba shofere ana haki ya kuona yaliyoandikwa na kuyapinga, na tangu 2020 kuna mpango wa kudumu wa kuomba ajali fulani, kwa mfano kugongwa kutoka nyuma, itiwe alama kwamba isingeweza kuepukwa. Haifutwi. Inatiwa alama tu. Hivyo hata kule jina halioshwi kabisa. Lakini yule anayelichafua anajulikana na barua yake inajibiwa.

Kupeleka mambo mbele

Shofere aliyeachishwa kwa ajali isiyo yake haanzi tribinali. Sheria inataka aanze kwa inspekta wa kazi, ambaye anaita pande mbili na kujaribu kuwapatanisha. Bila hatua hiyo, kesi haipokelewi. Wakipatana, PV ya mapatano inaandikwa. Wasipopatana, PV ya kutopatana ndiyo inafungua mlango wa tribinali ya kazi, ao tribinali kubwa ya kawaida pale ambapo tribinali ya kazi haijawekwa. Mashirika ya mashofere, kama ACCO, na sendika za wafanyakazi zinaweza kumsindikiza mtu asiyejua kuandika barua.

Muda unahesabiwa. Madai yanayotoka katika mkataba wa kazi yanakufa baada ya miaka 3. Madai ya mshahara yanakufa mapema zaidi, baada ya mwaka 1. Kwa miji kama Goma na Bukavu, ambako tribinali za serikali zilisimama tangu mapigano ya mwanzo wa 2025, njia hii imejaa vizuizi, na kuna mashofere ambao dosie zao ziko katika ofisi zisizofunguliwa tena. Kwa hao, kinachobaki ni kumwandikia patroni barua yenye tarehe, kubaki na kopi aliyotia sahihi ya kupokea, na kuweka picha za makaratasi yote mahali pawili: katika simu, na kwa mtu wa familia anayeishi mji mwingine.

Yule shofere wa mfano wetu, mwenye pine iliyopasuka, ana vitu vinne: picha za matawi nyuma ya remorki, konvwayeri aliyeyakata, ujumbe wa mshahara wa miezi kumi na minane, na jina la mama muuza ndizi aliyeona pikipiki ikija bila taa. Ofisi ya inspekta inafungua asubuhi.